Maswali ya Wasomaji: Sote Tunapiga Kura, Merikebu Inazama

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Sisi ni vijana 6 wa hapa Langoni, Lamu. Kila Ijumaa baada ya Isha twakutana kwa mjomba wangu, twacheza Civilization, mchezo wa kujenga taifa, ile ya zamani ya 1991, kwenye kompyuta moja. Taifa letu ni moja, Wazulu, na kila jambo twalipigia kura: mji ujengwe wapi, watu wasomee ufundi gani, kikosi kielekee wapi. Mwanzo ilikuwa raha. Sasa zamu moja yaweza kula nusu saa. Wiki mbili zilizopita wanne walikata shauri merikebu ya makasia ivuke bahari ikiwa na walowezi. Mimi na mwenzangu tulikataa. Ikazama na walowezi ndani. Kisha Jumatatu mmoja wetu akaifungua kompyuta peke yake, akacheza zamu 14 na kuanzisha vita ambavyo hatukuafikiana. Sasa wawili hawasemezani. Je, tuache kura?
— Niliyekataa, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika zaidi ni ile nusu saa. Merikebu nitaifikia.

Nilisomesha hesabu miaka mingi hapa Malindi, kwa hiyo niwie radhi nikianza na hesabu. Mchezo wenu huanza mwaka 4000 KK, na zamu za mwanzo ni miaka 20 kila moja. Mpaka mfike mwaka wa 1 mtakuwa mmecheza zamu 200. Kwa nusu saa kila zamu, hizo ni saa 100. Mkikaa saa 3 kila Ijumaa, mtahitaji Ijumaa 34, na hapo hata baruti hamjaijua. Huyo mwenzenu wa Jumatatu amekosa, tena amekosa sana, kwa sababu mali ya watu 6 haiguswi na mmoja usiku. Lakini naielewa njaa iliyompeleka. Amekaa wiki baada ya wiki akingoja watu wapige kura kama askari mmoja asogee kushoto au kulia.

Sasa nikueleze nilikojifunza haya mimi. Nimezaliwa Mkomani, hapo hapo Lamu, na babu yangu alikuwa mchezaji wa bao. Jioni jamaa walikusanyika kwenye daka letu, na mimi, msichana wa miaka 9 au 10, nilikaa nyuma ya mlango nikitazama kwa upenyo. Wachezaji ni wawili, lakini kila mmoja alikuwa na watu wanne, watano nyuma yake, na wote wana la kusema. Siku moja babu alikula, akasambaza, na kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, yaani shimo kuu la safu yake ya mbele. Nyumba ilikuwa na kete 11. Kwa wasiocheza: hapo mwenye zamu ana hiari, alale, yaani aishie hapo, au asafiri, yaani aichote nyumba yote aisambaze. Daka likapasuka. Hawa wanapiga kelele, safiri! Wale, lala! Kwa wingi wa sauti, wenye safari walishinda.

Babu akainua kiganja, akamgeukia aliyepiga kelele zaidi, akamuuliza taratibu: "Ukisafiri, unaishia wapi?"

Yule bwana akanyamaza. Hakuwa amehesabu. Babu akamhesabia kwa macho bila kugusa kitu: kete 3 zinamaliza safu ya mbele, 8 zinakwenda safu ya nyuma, na ya mwisho inalala kwenye shimo tupu la pembeni. Umekula nini? Hakuna. Nyumba imebaki na nini? Hakuna. Akalala, nyumba ikabaki na kete zake. Tangu siku hiyo nilimwona akiwauliza wote swali lile lile, mkubwa na mdogo, na aliyeweza kulijibu alisikilizwa hata kama ni peke yake.

Kwa hiyo rudi kwenye merikebu yenu. Katika mchezo ule merikebu ya makasia inayomaliza zamu bila kugusana na nchi kavu yaweza kuzama. Hiyo ni kanuni, si bahati mbaya iliyowaangukia. Je, kabla ya mikono kuinuliwa, kuna aliyewauliza wale wanne, "Zamu hii ikiisha, chombo kitakuwa wapi?" Naona hata wewe uliyekataa hukuuliza. Ulikataa tu. Wanne wakasema ndiyo, wawili wakasema hapana, na bahari haihesabu mikono. Lamu nzima hakuna mtoto asiyejua kuwa chombo hakiachi pwani kabla nahodha hajajua atalala bandari gani.

Kura si mbaya, mwanangu. Mwaka 1999 Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, yaani chesi, alicheza mchezo mmoja dhidi ya dunia nzima kupitia intaneti. Watu zaidi ya 50,000 kutoka nchi zaidi ya 75 walishiriki, kila upande ukiwa na saa 24 kwa hatua, na hatua ya dunia ilikuwa ile iliyopata kura nyingi. Ulianza Juni ukaisha Oktoba. Ungedhani watu elfu hamsini, wengi wao wachezaji wa kawaida, wangesambaratika baada ya hatua 20. Walimbana Kasparov mpaka hatua ya 62! Sababu naijua, kwa kuwa ndiyo ile ya babu. Palikuwa na washauri vijana wanne, na mmoja wao, Irina Krush wa Marekani, hakutosheka kusema "mimi naona hivi". Yeye na wenzake walitandaza hesabu nzima mbele za watu: tukienda hapa, yeye atakwenda pale, tutaishia hapa. Wapiga kura wakaweza kuikagua, kuisahihisha, kisha ndipo wakapiga kura. Hatua ya 10 ya dunia, malkia kwenda mraba wa e6, ilikuwa pendekezo lake na ilikuwa mpya kabisa. Kwenye hatua ya 58 ushauri wake haukutokea kwa wakati, kura ikaangukia kwingine, na muda si mrefu mchezo ukaisha kwa dunia kusalimu amri. Watu walikuwa wale wale na kura ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni hesabu ya mtu mmoja.

Basi mimi ningefanya hivi. Kura ziwekeni kwa mambo makubwa: vita na amani, mji wa ng'ambo, kubadilisha serikali, na ufundi gani mnaukimbilia. Anayependekeza aseme unaishia wapi, na asiyeweza kusema, pendekezo lake lingoje. Yaliyobaki yote mwachieni nahodha mmoja kwa zamu 10, ambazo ni miaka 200 ya mchezo. Akimaliza, aandike kwenye daftari alichofanya na kwa nini, ahifadhi mchezo, ampishe mwingine. Wachezaji wa michezo hii huko ng'ambo wana desturi hiyo hiyo: mmoja hucheza zamu zake, kisha humkabidhi mwenzake faili pamoja na taarifa ya maandishi. Daftari msilidharau. Mtu anayejua kwamba ataandika sababu ya kuuacha mji bila mlinzi, hauachi bila mlinzi.

Wengine wasikae kimya lakini. Mabaharia wetu wana neno moja kwa mambo mawili: kubisha ni kukataa kauli ya mtu, na kubisha pia ni kukipeleka chombo dhidi ya upepo, mara huku mara kule, mpaka kifike. Bisheni, mwanangu. Ila tazama mashindano ya mashua kwenye tamasha la Novemba hapo kwenu: watu wanahamisha magunia ya mchanga, wanapiga kelele kila mmoja na lake, na mkono ulioshika usukani ni mmoja mwanzo hadi mwisho.

Kura zikigongana tatu kwa tatu, fuateni lile linaloweza kurudishwa. Kikosi kilichobaki mjini kitatoka zamu ijayo. Walowezi waliozama hawatoki.

Na huyo wa Jumatatu. Rudini kwenye mchezo mliouhifadhi Ijumaa. Zile zamu 14 zifutike, na vita vyake pia. Kisha mpeni yeye unahodha wa kwanza, na daftari mkononi. Najua utakasirika kusikia hivi. Lakini kati yenu ndiye mwenye hamu kubwa kuliko wote, na hamu ikifungiwa nje ya mlango hupitia dirishani. Nenda kwake kabla ya Ijumaa, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Hao wawili wasiosemezana, kama ni wewe na yeye, nafikiri hapo nimekujibu mara mbili.

SWALI: Mwalimu, salaam. Pale Mkunguni, Lamu, mbele ya ngome, siku hizi watazamaji wa bao hawatosheki na maneno. Mtu ananyoosha mkono anachota kete za mchezaji ili amwonyeshe. Mimi ni mzee wa Shela, nimecheza tangu ujana, na sikuliona hili. Wanasema ni kusaidiana. Lasemwaje?
— Mzee wa Shela

JIBU: Shikamoo, baba. Si halali. Kete zikishachotwa na mkono mwingine, mwenye zamu amenyang'anywa zamu, na mpinzani amesomewa siri ambayo hakuihesabu mwenyewe. Waambie kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili simamisheni mchezo mpaka huyo mtu aondoke barazani. Wewe una umri wa kulisema hilo na likasikika, vijana hawana.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni wasichana 5, timu ya chesi ya shule yetu hapa Malindi. Tunacheza na shule ya Kilifi kwa simu, hatua moja kwa siku, na sote tunapaswa kuamua. Lakini nahodha wetu husema kwanza anachotaka, halafu anauliza, "Mwaonaje?" Sote tunasema sawa. Tumefungwa mara mbili. Mimi ni mdogo wa wote, kidato cha kwanza, naogopa kuonekana najua sana.
— Wa Mwisho Mezani

JIBU: Marahaba, mwanangu. "Mwaonaje" inayokuja baada ya jibu si swali. Nahodha wako pengine hana nia mbaya, anadhani anaongoza. Lakini mnapofanya hivyo mnacheza kwa kichwa kimoja huku vinne vikikaa bure.

Mwombeni jambo moja dogo. Kila mmoja aandike hatua yake kwenye kipande cha karatasi, pamoja na jibu analotarajia kutoka Kilifi, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Zikunjeni, ziwekeni mezani, zifunuliwe pamoja. Kisha aanze kusema mdogo, yaani wewe, na nahodha awe wa mwisho. Zikifanana zote tano, tumeni mkalale. Zikitofautiana, hapo ndipo kuna kazi: chukueni ubao, chezeni kila moja hatua tatu mbele, mtazame mfalme wenu yuko salama au la.

Kuhusu umri: Irina Krush niliyemtaja juu alikuwa na miaka 15 alipoishauri dunia, na mshauri mwenzake, Elisabeth Pähtz wa Ujerumani, alikuwa na 14. Waliandika waliyoyaona, watu wazima wakayasoma.

Kama ni vigumu kumkabili nahodha, mwonyeshe ukurasa huu na umwambie mimi ndiye niliyetaka mjaribu kwa mchezo mmoja. Karatasi za hatua ya kwanza msizitupe. Ziandikeni tarehe mniletee, nataka kuona mlitofautiana wapi.