Wateja wanaweka miadi saluni kisha hawaji: nirekebishe nini kwenye programu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina saluni ya viti vinne: tunasuka, tunaweka dawa na tunapaka rangi. Miezi mitatu iliyopita niliachana na daftari nikaanza kutumia programu ya miadi. Wateja wanajiwekea nafasi wenyewe kwa simu, na programu inawatumia ujumbe wa kuwakumbusha saa 24 kabla. Hata hivyo wiki iliyopita, kati ya miadi 60, watu 9 hawakutokea wala hawakusema neno. Wasusi wangu wanalipwa kwa kichwa, kwa hiyo kiti kikikaa kitupu wanaoumia ni wao. Nafikiria kumtaka kila mteja alipe yote kabla ya kuja. Nifanye hivyo, au kuna mpangilio nimeukosea?

Jibu: Pole dada. Tisa kati ya 60 ni asilimia 15, karibu mtu mmoja katika kila saba. Ni hasara ya kweli, na umefanya vizuri kuihesabu badala ya kuikisia. Lakini hilo la kulipa yote kabla liache kwanza. Litakupunguzia wasiokuja, na litakupunguzia pia wanaokuja, hasa mteja mpya ambaye hajaujua mkono wako bado.

Nadhani tatizo lako kubwa liko kwenye hizo saa 24. Fungua mipangilio, utafute mahali panaposema mteja anaweza kughairi mpaka lini. Saluni nyingi huweka saa 24 pia. Sasa fikiria yanayompata mteja wako. Ameweka miadi wiki mbili nyuma, akasahau. Ujumbe unaingia saa 24 kabla, anashtuka: siku hiyo ana safari. Anabofya kiungo ili aghairi, naye anaambiwa muda wa kughairi umekwisha. Anachobakiwa nacho ni kupiga simu na kujieleza, na watu wengi huona haya kupiga simu ya namna hiyo. Ananyamaza. Kwako anahesabiwa kuwa mtu asiyejali, kumbe ulimkumbusha wakati mlango umeshafungwa.

Kwa hiyo ukumbusho wa kwanza uende saa 48 kabla, na kwa kazi ndefu kama kusuka nywele nyembamba uende siku tatu kabla. Mlango wa kughairi ubaki wazi hadi saa 24, na ujumbe wenyewe utaje mwisho huo waziwazi. Ujumbe wa pili uende saa tatu au nne kabla ya miadi, kwa ajili ya yule anayekuja lakini siku imembana. Zaidi ya hapo usitume. Ujumbe ukizidi, mtu huacha kuusoma.

Najua kurahisisha kughairi kunatisha. Wenye saluni wengi huniambia, "Nikiwarahisishia, si wataghairi wote?" Watakaoghairi ni walewale ambao wasingekuja, ila sasa unajua siku mbili kabla, na siku mbili zinatosha kukijaza kiti. Hapo ndipo orodha ya wanaosubiri inapofanya kazi, kama programu yako inayo. Iwashe, na uiweke imwite mtu mmoja mmoja kwa zamu, kila mmoja apewe muda wa kujibu, tuseme nusu saa. Ukiwaita wote kwa pamoja, mmoja atapata nafasi na wengine wataona wamesumbuliwa bure. Kuna wanaotatua jambo hili kwa kuwapa watu wawili nafasi moja, wakitegemea mmoja hatakuja. Tafadhali usifanye hivyo. Siku wakija wote wawili, mmoja atakaa kwenye benchi saa nzima, na huyo hutamwona tena.

Ukishapanga hayo, warudie hao tisa mmoja mmoja. Kila ujumbe huwa na ripoti yake ndani ya programu. "Umetumwa" maana yake programu imeukabidhi kwa mtandao wa simu. "Umepokelewa" ndiyo maana yake umefika kwenye simu ya mteja. Ukiona ujumbe uliotumwa bila kupokelewa, huenda namba iliandikwa vibaya, na huyo mteja hukuwahi kumkumbusha. Namba mbovu hunaswa kwa ujumbe wa uthibitisho unaotoka dakika ileile miadi inapowekwa, au kwa kumtaka mteja aingize tarakimu alizotumiwa kwenye simu yake.

Soma pia saa ilivyoandikwa. Programu nyingi hazikutengenezwa kwa watu wanaohesabu saa kuanzia macheo. Mteja alikubaliana na msusi kwa mdomo "saa nne asubuhi", programu ikamwandikia 10:00, naye akaisoma saa kumi. Anatokea jioni, na wewe ulishamwandika kuwa hakuja. Badilisha kiolezo cha ujumbe kiseme hivi:

"Miadi yako ya kusuka ni Jumamosi saa 4 asubuhi (10:00). Kubadili au kughairi kabla ya saa 4 asubuhi Ijumaa, bofya hapa."

Ukiwa hapohapo, hakikisha programu imewekwa kwenye majira ya saa ya mahali ulipo. Ikikosewa, ujumbe wa kukumbusha unaweza kutoka usiku wa manane.

Kuna jambo jingine dogo linalokula fedha kimyakimya. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, au alama za kunukuu zilizopinda, nafasi inashuka hadi herufi 70, na ujumbe uliokuwa mmoja unatozwa kama wawili au watatu. Na kama ujumbe wako unatoka kwa jina la saluni badala ya namba, mteja hawezi kuujibu. Nimeona violezo vinavyosema "jibu 1 kuthibitisha" vikitumwa kwa jina. Majibu hayafiki popote. Weka kiungo, au tumia namba inayopokea majibu.

Sasa malipo ya awali. Sisemi usiyadai kabisa. Yadai kwa kazi inayokalia kiti saa nyingi: kusuka, rangi ya kichwa kizima, chochote kinachokula nusu siku ya msusi. Anayekuja kuosha na kukausha muache aje bila malipo ya awali. Nafasi yake hujazwa na mpita njia. Mimi ningedai robo ya bei, ikatwe kwenye malipo ya mwisho, na irudishwe yote kwa anayeghairi kabla ya muda. Masharti hayo ayaone kabla ya kubonyeza kukubali, kwa lugha anayoielewa. Urejeshaji ufanywe na programu yenyewe bila mteja kuomba. Ukimfanya abembeleze fedha yake mara moja, atawasimulia wengine.

Kundi la pili la kudaiwa malipo ya awali ni waliokosa miadi mara mbili bila kusema. Ili programu iwatambue, lazima wasusi wako waache tabia ya kufuta miadi ya mtu ambaye hakuja. Ikifutwa, na historia yake inapotea, na mwezi ujao mteja huyo anaonekana mpya kabisa. Miadi ibaki pale, iwekewe alama ya "hakuja". Aliyeghairi kwa kuchelewa awe na alama yake tofauti, kwa sababu yeye angalau alisema.

Angalia vilevile mtu anaruhusiwa kuweka miadi ya mbele kiasi gani. Kadiri siku zinavyokuwa nyingi kati ya kuweka miadi na siku yenyewe, ndivyo uwezekano wa kukosa unavyoongezeka. Ikiwa kalenda yako iko wazi miezi sita, ifupishe iwe wiki sita. Wanaosuka kwa ajili ya harusi unaweza kuwaandika wewe mwenyewe kwa mkono.

Usibadili yote siku moja, hutajua kilichosaidia ni kipi. Anza na muda wa ukumbusho na mlango wa kughairi, uviache wiki nne. Na usihukumu kwa wiki moja: kwenye miadi 60, tisa wa wiki hii wanaweza kuwa watano au kumi na watatu wiki ijayo bila chochote kubadilika. Jumlisha wiki nne nzima, ulinganishe na wiki nne zilizotangulia, ukitenganisha kusuka, dawa na rangi. Kama kusuka ndiko kunakoongoza, washa malipo ya awali kwa kusuka peke yake, uwaambie wateja wako wa zamani kwa mdomo wakiwa kitini kabla hawajakutana nayo kwenye simu.