Fulana tulikumbuka, gata tukasahau

Swali lenu la wiki hii, kwamba safari za kujitolea za makanisa kwenda kuhudumia familia zenye uhitaji zinasaidia kweli au ni za kupiga picha tu, nimelisoma jana usiku umeme umekatika hapa Mtwara (ndiyo, Mtwara hiihii yenye gesi) nikakasirika nikashindwa kulala. Mtu anayeuliza hivo mara nyingi hajawahi kubeba hata mfuko mmoja wa saruji kichwani. Mimi nimeenda mara tatu na kikundi cha vijana cha kanisani kwetu, na picha nimepiga, na sioni aibu, hata mkulima akipata gunia la kwanza anapiga picha.

Halafu sisi watu wa Kusini si wageni wa mambo haya. Masasi imekua kutokana na misheni, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuja 1876 na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar wakaanza maisha pale. Ndanda Wabenediktini walifika 1906 na hospitali yao inatibu watu mpaka leo, Mkristo na Mwislamu foleni moja. Kwa hiyo huduma sio kitu cha kuletewa na mitandao.

Ila mimi nataka kujibu swali lingine ambalo hamkuuliza: anayehudumiwa inamgharimu shilingi ngapi? Maana hilo ndo linanikaa rohoni miaka yote hii.

Safari yangu ya pili tulienda kijiji kimoja upande wa Newala, jina naliacha. Ilikuwa Oktoba. Tulitoka Mtwara alfajiri na kostaa ya kukodi, Nanyamba, Tandahimba, vumbi mpaka kwenye meno, tunaimba njia nzima. Tulikuwa kumi na nne wote tumevaa fulana za njano zimeandikwa mgongoni Mathayo 25:35, ule mstari wa nilikuwa na njaa, nilikuwa na kiu. Naomba mkumbuke hiyo fulana.

Tulipangiwa nyumba ya bibi mmoja analea wajukuu wanne, nyumba ya udongo, nyasi juu zimeoza. Kazi yetu ilikuwa kuezeka mabati na kupiga sakafu chumba cha watoto. Tunafika, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu karibuni, kavaa kitenge kipya kabisa kile cha kuwekea sandukuni, ametandika mkeka chini ya mwembe. Ukubwa wa siku hiyo kwake tuliuona kwenye hicho kitenge tukafurahi sana.

Sasa fundi kaanza kuchanganya mchanga na saruji, anapiga kelele maji, maji! Pembeni ya jiko kulikuwa na pipa la bluu la plastiki limefunikwa na sinia, juu ya sinia jiwe. Mmoja wetu kamuuliza bibi tuchote? Bibi akasema chukueni wanangu. Tukachota. Tukachota ya sakafu, tukachota ya kunywa, dada zetu wakachota ya kupikia wali, jioni tumejaa vumbi tukachota ya kuoga na kila mtu ndoo yake, na kijana mmoja (leo ni mtu mzima ana familia simtaji) akaosha na raba zake. Mimi mwenyewe niliinamisha lile pipa nipate ya mwisho. Nakumbuka lilivyolia kwenye mchanga, tupu.

Anayeujua uwanda wa Makonde, huko Newala iliko, anajua nilichofanya. Ule uwanda juu ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama yanaenda kutokea huko chini kwenye mabonde, ndo maana bibi zetu walikuwa wanashuka mteremko na vyungu na kupanda navyo. Mabomba yapo siku hizi lakini bomba kuwepo na maji kutoka ni mambo mawili, na Oktoba kabla ya mvua ndo mwezi mbaya kuliko yote. Lile pipa bibi alikuwa amelijaza kwa kununua, dumu moja la lita 20 shilingi mia tano, madumu kumi, na lilikuwa lake na wajukuu kwa wiki nzima. Hilo hakutuambia yeye. Tuliambiwa na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka kama kumi, saa tatu usiku, anarudi na kaka yake wanasukuma baiskeli ina madumu matatu, sisi tumekaa tunaimba pambio. Kiongozi wetu akamuuliza mlikuwa wapi usiku huu, akajibu tu, kuwatafutia maji ya asubuhi.

Wimbo uliisha palepale. Hakuna aliyesema tuombe.

Na hayo ni maji tu. Oktoba ni msimu, korosho zinadondoka, usipookota leo kesho zimeokotwa na mwingine zinapimwa kwa bakuli kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo. Bibi alikuwa na mikorosho yake nyuma ya nyumba, harufu ya mabibo ilikuwa inatufikia tulipokaa, na siku tatu zote alikaa na sisi na kitenge chake kwa sababu mgeni haachwi peke yake. Tulipanga Oktoba kwa nini? Kwa sababu ndo wengi wetu tulipata likizo kazini. Hakuna aliyemuuliza.

Mabati tuliezeka vizuri, geji 30, hilo sitaki mtu alichafue. Siku ya kuondoka tumejipanga mbele ya nyumba tupige picha, akapita mzee jirani na kofia yake anatoka msikitini, kaangalia paa, kauliza, sasa gata iko wapi? Tukaangaliana. Nyumba ya bati Newala bila gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa! Yaani mvua zote za masika zitaporomoka chini zizame mchangani wakati bibi ananunua dumu. Bajeti ya fulana kumi na nne ilikuwepo, ya gata haikuwepo, kwa sababu sisi wa mjini tukisema bati tunafikiria kivuli, mtu wa kule akisema bati anafikiria maji. Yule mzee hakutusema. Alichukua bati moja lililobaki limejikunja, akaligonga na mwiko wa fundi mpaka likawa mfereji, akalifunga na waya kwenye kenchi, likamwaga kwenye pipa la bluu. Nusu saa. Kwenye picha yetu hayupo, alikataa, alisema anawahi shambani.

Nilianza kuandika niwatetee hawa vijana na naona sasa nimewashtaki, na mimi nikiwemo. Nikipiga hesabu ya kukodi kostaa, mafuta, fulana, chakula chetu, ile pesa ingetumwa kwa yule mzee angeezeka nyumba mbili na simtanki juu. Kwa hiyo kama mnataka jibu fupi, hapana, hazisaidii kama tunavyodhani. Wamisionari wa zamani angalau walikaa, wengine wamezikwa hukuhuku, sisi tunakaa siku tatu na tunaoga ndoo nzima.

Lakini pia, na hapa mnisamehe najipinga, pesa isingetumwa. Najua kanisa letu. Bila safari hakuna anayechanga, watu wanachanga kwa sababu wanaenda. Na nisingeenda nisingejua gata ni nini kwa mtu wa Newala, ningekuwa mpaka leo naona bati ni bati. Bibi amefariki mwaka juzi, nyumba wanakaa wajukuu, haivuji.

Mwaka huu wanaenda tena, Nanyumbu, Septemba. Kwenye grupu la Whatsapp wiki nzima wanajadili rangi ya fulana. Nimeandika, jamani gata, na maji twende nayo wenyewe kwenye madumu, na muulizeni mwenyeji mwezi gani unamfaa. Kiongozi kanijibu kwa kidole gumba. Nimechanga elfu hamsini nikaandika ni za gata tu. Fulana nimesema sivai, ila kama ya kwangu wameshachapa wanitunzie, saizi ni L.