Ukitaka kuchora makauboi, anza na farasi aliyesimama

Wengi wanaoanza rangi za mafuta wakavutiwa na makauboi huanzia kwenye mbio: farasi wanapiga shoti, vumbi linatimka, bastola zinafuka moshi. Naelewa, picha za namna hiyo zinasisimua. Lakini katika miaka niliyofanya kazi hii na kuwaelekeza wanaoanza, nimeona jinsi mbio zinavyoficha udhaifu. Mguu uliokosewa unafunikwa na vumbi, na mchoraji anadhani ameiva. Farasi aliyesimama hakufichii kitu. Kwa hiyo anza naye, na picha ninayoipendekeza kuliko zote kwa kusomea ni The Fall of the Cowboy, aliyoichora Mmarekani Frederic Remington mwaka 1895. Iko katika jumba la makumbusho la Amon Carter, mjini Fort Worth, Texas, na si lazima usafiri: inapatikana mtandaoni kwa ukubwa wa kutosha kusomea.

Itazame taratibu. Theluji imetanda, mbingu ni ya kijivu. Makauboi wawili wamefika kwenye ua. Mmoja ameshuka anashughulika na lango, mwenzake amebaki juu ya tandiko akingoja. Hakuna anayefyatua risasi wala anayekimbia. Uchovu wote wa picha umebebwa na farasi.

Na ua ule ndio habari yenyewe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, makundi ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas kwenda kaskazini hadi kwenye reli za Kansas, na tangu mwaka 1867 mji wa Abilene ukawa kituo chao kikubwa. Malisho yalikuwa wazi. Kisha Joseph Glidden wa Illinois akapata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, na nchi ikaanza kukatwakatwa vipande. Majira ya baridi ya 1886 hadi 1887 yakaua ng'ombe wengi mno kwenye nyanda za kaskazini, na wafugaji wengi wakafilisika. Remington alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la New York, kwa hiyo alipofika magharibi alikuta maisha hayo yakielekea ukingoni. Ukiyajua haya, utaelewa kwa nini kauboi anayeshughulika na lango ana uzito kuliko kumi wanaofyatua risasi, na mkono wako utajua la kufanya na mabega yake.

Sasa turudi kwa mnyama mwenyewe, maana hapa ndipo wanaoanza wengi wanakwama. Kile unachokiita goti kwenye mguu wa mbele wa farasi kinalingana na kifundo cha mkono wetu. Kile kiungo kilichochongoka kwenye mguu wa nyuma kinalingana na kisigino. Kwato yenyewe ni ukucha wa kidole kimoja, maana yake farasi anatembea kwenye ncha za vidole vinne, kimoja kila mguu. Tena hana mtulinga: kifua chake kimeshikiliwa katikati ya mabega kwa misuli, na miguu ya mbele inabeba takriban asilimia 60 ya uzito wote. Ndiyo maana mguu wa mbele unashuka wima kama nguzo huku wa nyuma ukienda kwa pembe.

Farasi aliyechoka hupumzisha mguu mmoja wa nyuma. Anaukunja kidogo, ncha ya kwato ikigusa tu ardhi, na nyonga ya upande huo inashuka. Chora kwa mkaa mstari wa nyonga peke yake, kisha wa mabega, uone kama vinaelekea upande mmoja au vinapishana. Fanya hivyo mara nyingi kabla hujagusa rangi. Kama uko Nairobi, nenda Ngong Racecourse ukawaangalie farasi wakiwa hai. Kama uko Lamu, punda wamejaa mitaani, na viungo vyao vimejengwa vilevile; masikio na shingo utavirekebisha baadaye. Picha ya simu haitakuonyesha uzito unavyohama mguu hadi mguu. Macho yako yataona.

Tandiko nalo. Wanaoanza hulisukuma nyuma sana, likakaa katikati ya mgongo, na mpandaji anaonekana kama anataka kuteleza. Mahali pake ni nyuma tu ya bega, na mshipi wa tumboni unapita karibu na kiwiko cha mguu wa mbele. Lile la makauboi lina pembe mbele, ambayo kamba ya kunasia ng'ombe inafungwa au kuzungushwa. Ufundi huo wa tandiko na kamba ulitoka kwa wachunga ng'ombe wa Meksiko. Remington alijaza karakana yake matandiko, mavazi na silaha alizokusanya, kwa sababu hakutaka kubuni hata mkanda mmoja.

Ukishaweza kusimamisha farasi, ndipo umkimbize. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kwenye mstari na kupiga picha za farasi akipita mbio. Zilionyesha kwamba kwato zote nne huachana na ardhi miguu ikiwa imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji waliotangulia waliinyoosha mbele na nyuma kwa pamoja; tazama farasi wa mbio za Epsom, Uingereza, waliochorwa na Mfaransa Géricault mwaka 1821. Kisha tazama A Dash for the Timber ya Remington, ya mwaka 1889, yenye upana wa zaidi ya mita mbili, uone namna anavyokunja miguu.

Ziweke picha hizo mbili za Remington pamoja ujifunze rangi. Kwenye A Dash jua ni kali, vivuli vina kingo na vinaelekea bluu na zambarau juu ya vumbi la manjano. Kwenye theluji mwanga umetawanyika, kivuli hakina ukingo mkali, na nyeupe safi ya kwenye tyubu haina kazi kubwa. Changanya kijivu kwa bluu na kahawia, uiache nyeupe kwa sehemu chache za mwisho. Tabaka za chini ziwe nyembamba, zilizozimuliwa kwa tapentaini. Za juu ziwe na mafuta ya kitani zaidi, la sivyo picha itapasuka baadaye.

Jambo jingine nalisema kwa moyo wote. Usichore makauboi wote wakiwa weupe. Wengi walikuwa weusi, wengi Wameksiko. Bose Ikard, aliyezaliwa utumwani, aliswaga ng'ombe pamoja na Charles Goodnight, mfugaji wa Texas. Nat Love, naye aliyezaliwa utumwani huko Tennessee mwaka 1854, alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1907, na kuna picha yake ya kamera amesimama na bunduki, tandiko na kamba vikiwa kando yake. Itafute. Ni rejea nzuri sana kwa kofia, kamba na tandiko, na uso wake unastahili turubai yako.