Maharage ya kopo usiku wa kazi: maswali yenu na majibu

Wiki hizi maswali mengi yamekuja juu ya jambo moja: chakula cha usiku siku za kazi, na lile kopo la maharage lililokaa kabatini. Wengi mnauliza kama watu wanaoomba radhi. Mtu anaanza na "najua si chakula cha maana, lakini..." Ni chakula cha maana. Aliyeingia nyumbani magharibi, watoto wameshamzunguka wanauliza kinapikwa nini, ana haki ya kupika haraka na bado akapakua kitu kitamu. Ninalolishikilia ni hili: kopo limekupunguzia kazi ya kuchemsha, halikukuondolea kazi ya kuunga. Ukilifungua, ukayapasha moto na kuyapakua vivyo hivyo, utakula maharage yasiyo na ladha na lawama utalitupia kopo.

Assalaam alaykum dada. Nafanya kazi mjini, nakaa Fuoni, na daladala hunifikisha nyumbani baada ya Magharibi. Nina makopo mawili ya maharage mekundu na nazi moja. Watoto wana skuli asubuhi. Nataka maharage ya nazi kama ya mama yangu, kwa nusu saa tu. Inawezekana?

Waalaykumu salaam. Inawezekana, ila njia haitakuwa ile ya mama. Wengi wetu tumelelewa na maharage yanayotiwa kila kitu kwa pamoja: maharage yaliyokwisha kuiva, kitunguu kibichi, pilipili, tui, na sufuria ikaachwa ichemke taratibu. Inafaa, kwa sababu maharage makavu yakichemshwa saa nzima au zaidi hutoa supu yake mwenyewe, nzito na yenye ladha. Maharage ya kopo hayana supu hiyo. Koponi mna maji ya chumvi na wanga, na mimi huyamwaga. Kwa hiyo ladha inabidi uitengeneze chini ya sufuria kabla maharage hayajaingia.

Teleka wali kwanza, kisha uanze na nazi. Ikune, au ikate vipande vidogo uisage kwenye blenda. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja. Hilo ndilo kasimile, liweke kando. Tia vikombe viwili vingine ukamue tui jepesi. Fungua makopo, mimina kwenye chujio, suuza kwa maji mpaka povu liishe. Kopo la gramu 400 likishachujwa hubakisha maharage kama gramu 240, kwa hiyo makopo mawili yanatosha watu wanne wakiwa na wali.

Kata kitunguu maji kimoja kikubwa, kikaange kwa vijiko viwili vya mafuta na moto wa wastani. Kisiwe cha rangi ya pilau. Kilainike tu na kung'aa, dakika tano. Tia thomu chembe tatu zilizotwangwa, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano na uzile kidogo uliosagwa. Geuza mpaka harufu ipande, hazifiki sekunde thelathini, kwani bizari ikiungua huwa chungu na sufuria nzima imeharibika. Hapo hapo tia tungule mbili zilizokatwa ndogo. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Tungule ziachwe zivurugike kabisa mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Ukimimina tui juu ya tungule mbichi, mchuzi utakuwa na ukali wa maji maji hata ukiupika usiku kucha.

Sasa maharage na tui jepesi. Yachemke dakika nane hadi kumi, na katikati chukua mwiko uponde maharage machache ubavuni mwa sufuria. Yaliyopondwa ndiyo yatakayokupa ule uzito ambao mama aliupata kwa kuchemsha muda mrefu. Punguza moto, tia kasimile, dumbukiza pilipili mbichi moja nzima isiyopasuliwa, na usiache kukoroga mpaka lichemke kidogo kidogo. Dakika tatu nne zinatosha. Chumvi onja kwanza ndipo utie, maana maharage yamekuja na yake. Epua, kamulia ndimu nusu. Ndimu usiisahau; maharage ya kopo huwa mazito mdomoni, na ndimu ndiyo inayoyaamsha.

Kachumbari ya haraka na dagaa wa kukaanga kama wapo, na watoto watalala kwa wakati.

Shikamoo shangazi. Nasoma Tunguu, tumepanga chumba wawili. Tuna jiko dogo la gesi na sufuria moja. Hatuna friji, hatuna mbuzi ya kukunia nazi. Tunachoka kula chipsi.

Marahaba mwanangu. Kwenu nyinyi sahau nazi. Kaanga kitunguu, thomu na tungule tatu mpaka ziwe rojo, na bizari ya pilau kidogo. Tia kopo moja la maharage yaliyosuuzwa na robo kikombe cha maji, ponda nusu yake. Yakichemka, fanya vishimo viwili au vinne kwa kijiko, pasulia yai katika kila kishimo, funika dakika nne hadi tano mpaka yai lishike lote. Pilipili manga, ndimu, boflo. Mnakula humo humo sufuriani, na sufuria ni moja ya kuosha.

Kwa kuwa hamna friji, maliza chote usiku huo huo. Kwa joto letu chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mkijua hamtamaliza, nunueni kopo dogo.

Mimi niko Wete. Kila nikipika na tui linakatika, mchuzi unakuwa na mabonge meupe na mafuta juu. Nazi zetu nzuri, sijui kosa liko wapi.

Kosa haliko kwenye nazi. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyashikilia yasiungane ni protini ya nazi. Moto mkali huigandisha ile protini, na mafuta yakiachwa bila wa kuyashika hukimbilia juu. Ndimu na ukwaju hufanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana nasema ndimu itiwe sufuria ikishaepuliwa.

Kwa hiyo: tui jepesi ndilo lichemke na chakula, kasimile liingie mwisho, moto mdogo, sufuria wazi, mwiko uzunguke. Wanawake wa zamani walikuwa wakiliteka tui kwa upawa na kulimimina tena kutoka juu, na hilo nalo ni kukoroga. Ukitumia tui la kopo la dukani huenda lisikatike kirahisi, kwa sababu mengi yametiwa vitu vya kulishikilia.

Likishakatika, usimwage. Ladha ni ile ile, ni sura tu. Ponda maharage kijiko kimoja kikubwa na maji ya moto kidogo, rudisha, koroga. Wanga wake utayakusanya mafuta kwa kiasi.

Mama mkwe anaishi nasi hapa Mkoani. Akiona kopo anasema namlisha mwanawe dawa. Eti chakula hakiwezi kukaa miaka miwili bila kutiwa sumu. Namheshimu sana, lakini nataka kujua ukweli.

Swali lake ni la mtu mwenye akili, na lina jibu. Kinachoyahifadhi maharage ya kopo ni joto na kufungwa. Maharage huwekwa koponi pamoja na maji, kopo hufungwa lisiingie hewa, kisha hupikwa likiwa limefungwa, ndani ya mtambo wa mvuke wenye joto la kiasi cha nyuzi 121. Vijidudu vilivyomo hufa, na vya nje havina pa kupenyea. Kazi hii ni ya zamani: Mfaransa Nicolas Appert aliitangaza mwaka 1810, yeye akitumia chupa, na mwaka huo huo Peter Durand akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya vyombo vya bati huko Uingereza. Makopo mengi ya maharage yana maharage, maji na chumvi tu. Mengine hutiwa kitu cha kulinda rangi au ugumu wa ganda. Soma maandishi, na umsomee na yeye.

Pamoja na hayo, sikushauri ushindane naye. Anapokwambia maharage makavu ni bora, upande wa pesa yuko sawa, na supu yake sikatai kuwa ni tamu zaidi. Nusu kilo ya maharage makavu ikiiva hujaa kama makopo manne au matano. Roweka Ijumaa usiku, asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi mwanzo kabla hujapunguza moto. Hilo la kuchemka kwa nguvu ni la lazima khasa kwa maharage mekundu, kwani yakiwa mabichi yana kitu kinachotapisha na kuharisha vibaya, na moto mdogo peke yake haukiui. Usitie tungule wala ukwaju mpaka yawe yameshalainika. Vitu vichachu huyafanya yakatae kuiva. Yakiiva gawa katika mifuko, weka kwenye friza. Wiki nzima una maharage ya haraka ambayo mama mkwe mwenyewe ameyachagua, na kopo linabaki akiba ya siku ngumu. Mkabidhi yeye kazi ya kuyachambua, kama anapenda. Wazee wengi hufurahi kuulizwa.

Kopo limebonyea kidogo, jengine limevimba juu. Yote mawili nimenunua bei ya kutupa. Nile?

Lililovimba usilifungue wala usilionje hata kwa ncha ya ulimi. Kuvimba ni dalili kwamba ndani kuna vijidudu vinavyotoa gesi, na miongoni mwao wamo wanaotengeneza sumu ya botulizimu, ambayo huweza kuwemo bila harufu wala ladha mbaya. Sumu hiyo hupoozesha: macho kuona viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, na baadaye pumzi. Mwenye dalili hizo hakai nyumbani hata usiku mmoja, ni hospitali. Kopo lenyewe lifunge kwenye mfuko, litupe mbali na watoto na kuku, na duka linalouza hayo liripotiwe kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Lililobonyea tumboni kidogo tu, bila kutu na bila kuvuja, halina neno. Lililobonyea kwenye mshono wa juu, wa chini au wa ubavuni, liache dukani. Bei ya kutupa iwe onyo.

Baba ana presha na sukari. Anapenda maharage kuliko nyama. Ya kopo nimpe?

Mpe, kwa masharti. Ununue yaliyoandikwa hayana chumvi iliyoongezwa. Kama hayapo, tazama sodiamu. Isiyozidi miligramu 120 kwa gramu 100 ndiyo inayohesabiwa kuwa kidogo. Mwaga maji yake na suuza vizuri, utapunguza theluthi ya chumvi au zaidi. Kisha usiirudishe kwa mlango mwengine: kidonge cha supu kimoja kinaweza kukurudishia yote uliyosuuza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote, boflo ikiwemo. Thomu, tangawizi, uzile, ndimu na pilipili vifanye kazi ya chumvi.

Tui la kwake liwe jepesi, kasimile libaki la watoto.

Upande wa sukari, maharage ni rafiki yake, kwa vile nyuzinyuzi zake huifanya sukari ipande pole pole. Kinachomuumiza ni mlima wa wali ulio chini ya maharage. Geuza sahani: maharage na mchicha vijae, wali uwe kiganja. Na yale maharage meupe ya rojo la tungule hutiwa sukari kiwandani, hayo asizoee.

Watoto wangu wanayataka hayo hayo ya rojo la tungule, matamu. Nifanyeje yasiwe kama peremende?

Changanya kopo moja la hayo na kopo moja la maharage ya kawaida yaliyosuuzwa, uyaunge kwa kitunguu, thomu na ndimu. Wiki ijayo punguza tena. Hawatagundua.

Nina mimba ya miezi mitano, niko Chake Chake. Kliniki wameniambia damu ni ndogo, nile maharage. Usiku nakula maharage ya kopo kwa mkate wa ajemi na chai ya maziwa. Damu haipandi.

Mwanangu, tatizo linaweza kuwa chai. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage mwili huyachukua kwa shida kuliko ya nyama au samaki, na majani ya chai huyazuia zaidi. Maziwa nayo hayasaidii. Isogeze chai iwe saa moja au zaidi baada ya chakula. Ukiona kavu kavu bila kinywaji cha moto, chemsha mchaichai na tangawizi, usitie majani ya chai.

Pamoja na maharage kula kitu chenye vitamini C, ndicho kinachoufungulia mwili uyapokee hayo madini: kachumbari ya tungule iliyokamuliwa ndimu, pilipili boga mbichi, au chungwa baada ya kula. Siku ukipata, tia humo dagaa. Samaki kidogo tu huyasaidia maharage. Vidonge ulivyopewa kliniki uendelee navyo kama walivyokuelekeza, wala usivimeze kwa chai. Na siku ya kurudi kupimwa uwaambie habari ya chai, wajue wanaanzia wapi.