Mmeuliza: TAZARA ikifufuka, wenye semi tutabeba nini?

Shikamoo mwandishi. Nina semi mbili, napeleka mzigo Zambia na Kongo kupitia huku Tunduma. Nasikia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wamepewa Wachina miaka 30, bandarini Dar nako wako DP World wa Dubai na Adani wa India. Huu ubia wa serikali na makampuni unatusaidia nini sisi wadogo, au ndo tuuze magari mapema? Msomaji, Tunduma

Marahaba mama, usiuze. Mkataba uliosainiwa 2025 na CCECC, kampuni ya ujenzi ya China, ni wa miaka 30 kweli, na pesa inayotajwa ni kama dola bilioni 1.4, ila miaka 3 ya mwanzo ni ya ukarabati, na reli hii kwa miaka mingi imekuwa ikibeba chini ya tani milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo haiamki leo ikameza mzigo wote wa Zambia na Kongo.

Ila ikikaa sawa itachukua mzigo mzito unaokwenda sehemu moja kwa wingi, shaba, salfa, mbolea, na hapo siwezi kukudanganya, huo utawatoka. Sa angalia reli yenyewe inaishia wapi. Kilomita 1,860 kutoka Dar unashuka Kapiri Mposhi, ambako inaungana na reli ya Zambia (upana wa njia ni ule ule, mabehewa yanapita bila kushusha), lakini wateja wengi wa Kongo wako mbele sana na reli za huko nazo zina matatizo yake, kwa hiyo mtu wa kubeba kutoka stesheni mpaka getini kwa mteja atahitajika tu. Safari ni fupi, malipo ni madogo kwa trip, ila gari inazunguka mara nyingi kuliko kwenda na kurudi Dar. Mi ningekuwa wewe ningeanza sahivi kuongea na mawakala wa Kapiri na Mbeya, tena mkiwa kikundi cha wenye gari chache chache, maana kampuni kubwa haitasaini na mwenye semi mbili.

Na kuna jambo linaniuma hapa. Viongozi wetu wanapenda kusaini mikataba ya gati na reli, kamera zinakuja, afu mpakani kwenyewe panasahaulika. Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja tangu 2019, ukaguzi wa nchi mbili unafanyika sehemu moja, ni hatua nzuri kabisa, lakini foleni bado mnaijua nyie mnaolala nayo. Gari likisimama dereva anakula posho, mkopo wa benki unaendelea, kontena la watu linahesabiwa siku. Meli ishushwe haraka bandarini afu mzigo uje usimame Tunduma, hapo ushoroba, yaani njia nzima ya mzigo, umefaidi nini? Yadi ya kuegesha yenye vyoo na ulinzi, skana za kutosha, ofisi za mawakala zinazofanya kazi usiku, hivyo ndo vitu ambavyo ubia mdogo wa halmashauri na wawekezaji wa hapo hapo ungeweza kujenga, na sheria ya ubia ipo tangu 2010. Mbaneni mbunge kwa hilo.

Ubia si jina lingine la kuuza mali zetu? Msomaji, Morogoro

Hapana ndugu yangu, ardhi na njia vinabaki vya umma, mwekezaji anaendesha kwa muda kisha anarudisha. Hofu yako lakini ina mizizi. 2007 RITES ya India walichukua asilimia 51 ya TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, serikali 49, mkataba wa miaka 25, na kufika 2011 serikali ikawa imeshairudisha mikononi mwake: vichwa na mabehewa ya kukodi, migomo ya mishahara, afu mafuriko yakabeba reli upande wa Kilosa. Kenya na Uganda nao waliwapa Rift Valley Railways reli yao 2006, nayo ikavunjika 2017. Kwa hiyo mi siulizi kama mwekezaji ni mgeni au mwenyeji, nauliza analeta pesa yake lini, mafuriko yakija nani anatengeneza, na akishindwa malengo ya tani anatozwa nini. Majibu ya hayo yawekwe wazi wananchi wayasome, sio mpaka mgogoro utokee.

Barabara ya kulipia ya Kibaha, Chalinze mpaka Morogoro, sisi madereva tutalipa sisi au bosi? Dereva, Kibaha

Kaka, hiyo bado ni mpango wa ubia, lakini maelewano na bosi wako anza nayo mapema. Tozo iingie kwenye gharama za safari kama dizeli, isikatwe kwenye mileji yako (malipo yako ya safari), na muandikiane kabisa. Ikiwa itakuondolea yale masaa ya kusukumana Mlandizi, bosi ndo anayefaidi kwanza kwa sababu gari lake linarudi kupakia mapema. Na ukiwa umezidisha ile tani 56, kikomo cha uzito wa gari na mzigo cha Afrika Mashariki, barabara mpya haikusaidii, mizani itakusimamisha vile vile.