Lugha ipi ya kuandikia programu ina spidi? Kwanza nioneshe ulivyopima

Kaka, nimepima lupu (kazi ile ile ikirudiwa) ya mara bilioni moja, Python ikachukua zaidi ya dakika, C ikamaliza sekunde sifuri. Si niihamishie C ripoti ya mauzo ya duka? (Igoma)

Sekunde sifuri haikukushtua? Hakuna laptopu inayozunguka mara bilioni kwa muda huo. Ulikompaili (kugeuza kodi kuwa lugha ya mashine) kwa -O2, yaani ukaiambia kompaila iongeze spidi, alafu jibu la lupu hukuliprinti wala kulitumia popote, kompaila ikaona kazi haina mwenyewe ikaifuta yote, kwahiyo umepima programu tupu. Namba ya mizunguko iingizwe toka nje, jibu liprintiwe, ndo upime upya. C bado itaiacha Python mbali, hilo hatubishani. Ila ripoti ya duka muda wake mwingi unaliwa na databesi, we iwekee indeksi kwanza, itafute rekodi bila kupitia zote, na usije ukabomoa mfumo wa bosi wako kisa lupu.

Shikamoo. Java ni nzito, nimepima mwenyewe. (mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba dogo. Programu yako imekimbia nusu sekunde, umepima Java ikiwaka tu. JVM, yaani mashine inayoendesha programu za Java, inaanza polepole, ikishaona sehemu zinazorudiwa sana ndo inazigeuza kuwa lugha ya mashine papo hapo. Tumia JMH, zana ya kupimia spidi ya Java, imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Ila kama programu yako ni ya kuwaka na kuzima, muda wa kuwaka uhesabu, maana mtumiaji anausubiri kweli.

NumPy, ile maktaba ya mahesabu, ni Python au sio? (Musoma)

Kazi nzito ndani yake inafanywa na C. Andika "Python na NumPy", yaishe.

Jedwali la umeme wa lugha linalosambazwa linaonesha TypeScript inakula umeme karibu mara tano ya JavaScript. Niiache? (Sengerema)

Hili swali mnanitumia kila mara na inaonekana hakuna anayesoma chini ya jedwali. Ni utafiti wa Ureno wa 2017: umeme wa C wameupa 1.00 iwe kipimo, JavaScript 4.45, TypeScript 21.50. Sasa tulia ufikirie, TypeScript ikishakompailiwa inakuwa JavaScript, aina za data ulizoandika zote zinafutwa, injini inayoikimbiza ni ile ile, hizo mara tano zitoke wapi? Zimetoka kwa waandishi. Programu zilichukuliwa Computer Language Benchmarks Game, tovuti ya kushindanisha lugha, ambako watu tofauti wanajitolea kuandika, na jaribio moja, fannkuch-redux, kwa TypeScript liliandikwa tofauti kabisa likavuta wastani wote juu. Wastani ndo ulivyo, tokeo moja bovu linachafua mengine yote. Na humo humo kuna programu za C zenye maelekezo ya SIMD (prosesa inapiga namba nyingi kwa mkupuo) yaliyopangwa kwa mkono na nyuzi kibao, yaani kazi nyingi kwa wakati mmoja, zinawekwa meza moja na programu ya mtu aliyeandika kawaida tu, ni kama soko la samaki Mwaloni Kirumba upime gunia la dagaa wabichi na la wakavu alafu useme mwenye wabichi ndo kavua zaidi. Inaniuma kwasababu vijana wanaacha lugha waliyoanza kuielewa kisa picha ya jedwali iliyosambazwa bila maelezo. Kwahiyo usiiache. Na ukiona jedwali lolote, tafuta programu zenyewe uzisome, ukizikosa usilisambaze.

Kila nikipima napata majibu tofauti. (Bukoba)

Chomeka chaja, ikiwa kwenye betri laptopu nyingi zinabana spidi. Alafu joto: mchana chini ya bati prosesa ikichemka inajipunguza yenyewe, na lugha uliyoipima ya pili ndo inaonewa. Zipime kwa kupokezana, rudia mara nyingi, onesha matokeo yote, sio lile zuri tu la lugha unayoipenda.

Nataka kuandika mfumo wa tiketi za boti, PHP itahimili au niende Rust? (Mkuyuni)

Itahimili. Abiria atasubiri malipo ya simu yajibu muda mrefu kuliko PHP itakavyofanya kazi yake yote. We hangaikia kiti kimoja kisiuzwe kwa watu wawili, hapo ndo utagombana na abiria.