Mtazamo haupimwi kwa swali moja

SWALI: Nasomea ustawi wa jamii, mwaka wa tatu, hapa Tanzania. Utafiti wangu unahusu mitazamo ya wanafunzi wenzangu juu ya watu waliofungwa kwa makosa ya kujamiiana. Niliwauliza: "Je, mbakaji anaweza kurekebishika?" Karibu wote wamejibu hapana. Niandike kwamba wanapinga urekebishaji?

JIBU: Usiandike hivyo bado. Swali lako limepima hasira, na ni hasira ya haki kabisa. Ukisema "mbakaji", wengi humfikiria mtu asiyejulikana aliyemvizia mtoto njiani. Lakini kwa sheria yetu, kijana wa miaka 20 aliyelala na mpenzi wake wa miaka 17 naye hushtakiwa kwa kubaka, hata kama binti aliridhia, na akitiwa hatiani kifungo huanzia miaka 30. Wenzako walikuwa wanamjibu yupi kati ya hao?

Waandikie visa viwili au vitatu vifupi, ukitaja umri wa kila mmoja na uhusiano wao. Kisha tenganisha maswali. Kipimo cha CATSO, yaani dodoso la kupima mitazamo ya jamii juu ya wakosaji wa kujamiiana, kilichochapishwa Marekani mwaka 2008, kina kauli 18, na hutenga imani kuhusu uwezo wa mtu kubadilika na maoni kuhusu uzito wa kosa. Ni sawa kabisa mtu kutaka kifungo kirefu na papo hapo kutaka mfungwa apate ushauri nasaha. Usikitumie kipimo hicho kabla ya kukijaribu kwa kikundi kidogo.

Ujuzi nao upimwe peke yake. Waulize wanadhani wangapi kati ya 100 hurudia kosa. Watafiti Hanson na Bussière, walipounganisha tafiti 61 mwaka 1998, walipata takriban 13 ndani ya miaka 4 hadi 5. Hizo ni kesi zilizojulikana tu, na waathirika wengi hawaripoti, kwa hiyo namba hiyo isitumike kumtuliza mtu.

Swali ambalo mimi nisingeliacha ni hili: "Ungekubali kumhudumia?" Wenzako ndio watakaokaa na mfungwa huyo meza moja akitoka gerezani, na asipopata wa kumfuatilia, watoto wa mtaani kwake ndio walio hatarini.

Mwisho, miongoni mwa wahojiwa wako wamo waliowahi kufanyiwa ukatili huu. Waruhusu kuruka swali lolote. Mawasiliano ya mshauri wa chuo yaweke ukurasa wa kwanza wa dodoso, maana anayeshindwa kuendelea hafiki ukurasa wa mwisho.